Kwaresima na Suluhu ya Waja

Mwaka 325, maaskofu waliokutana Nikea, mji ambao leo huitwa Iznik nao umo katika nchi ya Uturuki, walitunga kanuni ishirini za kuliongoza Kanisa, na katika ile ya tano wakazitaja siku arobaini kana kwamba ni jambo lililokwisha kufahamika kwa kila msikilizaji. Ni miongoni mwa maandiko ya kale kabisa yanayoitaja Kwaresima kwa hesabu ya siku zake. Walakini kanuni yenyewe haikutungwa kwa ajili ya saumu, wala haisemi lolote juu ya nyama au divai. Ilihusu ugomvi. Iliamuru maaskofu wa kila jimbo wakutane mara mbili kwa mwaka, na mkutano mmoja uwe kabla ya siku hizo arobaini, wachunguze habari za watu waliotengwa, wapate kujua kama mtu alitengwa kwa taksiri yake mwenyewe au kwa chuki na ufinyu wa moyo wa askofu wake, ili kinyongo kikiisha kuondolewa, sadaka itakayotolewa kwa Mungu iwe safi.

Huanza na kanuni hiyo kila nifundishapo historia ya ibada, kwa sababu aghalabu Mkristo wa leo, akiisha kupakwa majivu siku ya Jumatano, huwaza ataacha nini mpaka Pasaka: pombe, nyama, sukari katika chai, ilhali jirani ambaye hawasemezani tangu walipogombania mpaka wa shamba hayumo kabisa katika hesabu yake.

Lugha yetu ina insafu katika jambo hili. Neno msamaha tumelipokea kutoka Kiarabu, kama tulivyopokea toba na suluhu, na kusamehe ni kitendo awezacho mtu kukitenda peke yake, usiku kitandani, hata aliyemkosea asijue. Lakini kupatana ni neno letu la Kibantu lililozaliwa na kupata, na ile -ana ya mwisho wake haimkubali mtu mmoja: sharti wawepo wawili, kila mmoja ampate mwenziwe, kama vile sokoni muuzaji na mnunuzi wasivyoweza kusema kwamba wamepatana maadamu mmoja wao hajaridhika. Katika shina hilo ndimo ulimochipuka upatanisho, jina ambalo kwalo Wakatoliki huiita sakramenti ya kitubio.

Katika karne ya nne na ya tano maana hiyo ilionekana kwa macho. Mtu aliyetenda dhambi nzito, kama kuua, kuzini, au kuikana imani, alikwenda kwa askofu, akaingizwa katika safu ya wenye kutubu, akavaa nguo ya kujidhili, akatengewa mahali pake kanisani, na waamini walipokaribia meza ya Bwana yeye hakushiriki. Hieronimo ameandika habari za Fabiola, bibi tajiri wa Roma aliyekuwa amemwacha mume wake na kuolewa na mwingine kinyume cha sheria ya Kanisa, jinsi alivyosimama kabla ya Pasaka mbele ya kanisa la Laterano, nywele zimetimka na mavazi ni ya matanga, huku askofu, mapadri na umati wote wakilia pamoja naye. Nataka msomaji atue kidogo kwenye kilio hicho. Watu hawakuja kutazama fedheha ya tajiri. Walilia kwa kuwa waliiona dhambi yake ni jeraha la mwili wao wote, na uponyaji wake ni dhima yao. Fabiola, baada ya kurudishwa, aliuza mali yake akajenga nyumba ya kuwauguza maskini. Na mwaka 416 Papa Inosenti I alimwandikia askofu wa Gubbio kwamba desturi ya Roma ni kuwaondolea dhambi wenye kutubu siku ya Alhamisi kabla ya Pasaka, ile tuiitayo Alhamisi Kuu, hivyo kwamba mtu alirudi mezani siku ile ile ya ukumbusho wa karamu ya mwisho.

Sitamani taratibu hizo zirudi kama zilivyokuwa. Toba hiyo ilitolewa mara moja tu katika maisha, na masharti yake yalikuwa mazito hata wengi wakaiahirisha mpaka saa ya kufa. Watawa wa Ireland, na miongoni mwao Kolumbani aliyevuka kwenda Gallia karibu na mwaka 590, ndio walioeneza maungamo ya faragha yawezayo kurudiwa kila mtu aangukapo. Na mwaka 1215 Mtaguso wa nne wa Laterano ukamlazimu kila mwamini kuungama walau mara moja kwa mwaka. Faragha hiyo imeokoa wengi na aibu isiyo na faida. Hasara yake ni kwamba ndugu walitoweka machoni, toba ikafanana na shauri baina ya mtu na Mola wake tu. Walutheri wa Tanzania wamelihifadhi neno zuri, kurudi kundini, kwa maana aliyetengwa hupokewa tena mbele ya usharika. Na Mtaguso wa Vatikano wa pili, mwaka 1964, ulikumbusha kwamba anayetubu husamehewa na Mungu na papo hapo hupatanishwa na Kanisa alilolijeruhi.

Kwa hiyo maondoleo ya padri hayalipi deni la mtu. Aliyeiba ng'ombe arudishe ng'ombe; aliyesingizia arudi kwa wale wale waliousikia uzushi wake, akanushe, hata uso ukimwiva kwa haya. Wala haifai jina la upatanisho litumike kumnyamazisha aliyedhulumiwa, kama wafanyavyo wazee wa familia wanaomrudisha mke kwa mume ampigaye, wakamwambia kwamba Kwaresima ni wakati wa kusamehe. Aliyekosa ndiye apaswaye kuondoka kwake na kwenda kutaka radhi.

Makanisa ya Mashariki yana desturi ambayo huitamani sana. Jioni ya Jumapili ya mwisho kabla ya Kwaresima yao, padri mwenyewe hutangulia kuinama mbele ya watu wake na kuwaomba msamaha, kisha waamini wakaombana msamaha mmoja mmoja, mkubwa kwa mdogo, mke kwa mume, na saumu huanza baada ya hayo. Waorthodoksi wa Kenya na Uganda ni warithi wa mapokeo hayo.

Katika misa ya Kirumi, Ijumaa ya juma la kwanza la Kwaresima husomwa sehemu ya Injili ya Mathayo inayomhusu mtu aliyefika madhabahuni na sadaka yake, akakumbuka kwamba nduguye ana lawama naye. Angalieni: si yeye aliye na lawama, ni nduguye. Yesu aliyasema hayo Galilaya, na madhabahu ya sadaka ilikuwa moja, Yerusalemu, mwendo wa siku kadhaa kwa miguu. Msikilizaji wake wa Galilaya alijua maana ya agizo hilo: kuiacha sadaka pale pale mbele ya madhabahu, kuirudia njia yote aliyoijia, kuwasili kwao miguu imejaa vumbi, na kubisha hodi mlangoni pa nduguye.