Jiwe la Kijani na Shaba Nyekundu

Je, umepata kuona waya wa umeme uliomenywa? Ndani yake mna nyuzi nyekundu zinazong'aa. Nyuzi hizo ni shaba nyekundu. Katika nchi ya Katanga, kusini mwa Kongo, watu walijua kuipata shaba zaidi ya miaka 1,000 iliyopita.

Kwanza iliwabidi waitafute. Shaba ikizidi katika udongo ni sumu kwa mimea mingi. Nyasi na maua ya aina chache tu ndiyo hustahimili. Kwa hiyo kilima kitupu katikati ya msitu kiliwaonyesha watu mahali pa kuchimba.

Kazi ilifanyika wakati wa kiangazi, baada ya mavuno. Wakati wa masika mashimo hujaa maji na kuta zake huporomoka, na mashamba nayo huhitaji watu. Wanaume waliteremka mashimoni wakiwa na sululu za chuma. Wanawake na watoto waliokota mawe ya kijani juu ya ardhi, kisha wakayaosha mtoni ili udongo uondoke. Mawe hayo huitwa malakiti. Kuokota kulichosha mgongo, lakini aliyeokota hakuogopa kufukiwa na udongo kama baba yake aliyekuwa chini.

Tanuru lilijengwa kwa udongo wa kichuguu. Ndani yake walitia mkaa na malakiti, wakawasha moto, wakavukuta kwa viriba vya ngozi. Kwa nini walivukuta? Maji huchemka kwenye nyuzi 100 za Sentigredi, lakini shaba huyeyuka kwenye nyuzi 1,085. Moto wa jikoni hauwezi kufika huko.

Usidhani kwamba malakiti ni shaba iliyopakwa rangi. Ni shaba iliyoungana na oksijeni, kaboni na haidrojeni. Joto lilipopanda, mvuke wa maji na hewa ya ukaa vilitoka. Kisha mkaa, ambao ni kaboni, uliinyang'anya shaba oksijeni iliyobaki. Hivyo mkaa ulifanya kazi mbili, na hii ya pili ndiyo iliyokuwa kubwa. Shaba ikatiririka chini ya tanuru.

Shaba hiyo iliyeyushwa tena na kumiminwa katika kalibu zenye umbo la msalaba. Misalaba hiyo ilitumika kama fedha. Mingine imefukuliwa katika makaburi ya kale ya Sanga, karibu na Ziwa Kisale. Katika karne ya 19, Wanyamwezi kutoka nchi ambayo sasa ni Tanzania walifuata shaba huko. Mmoja wao, Msiri, akawa mtawala mpaka alipouawa mwaka 1891. Mwaka 1911 tanuru kubwa la kampuni lilianza kuyeyusha shaba mjini Lubumbashi, na matanuru ya vijijini yakazimika polepole.

Sasa tafuta bangili au bomba la shaba lililokaa nje miaka mingi. Utaona utando wa kijani juu yake. Hewa na maji vimeungana tena na shaba, na utando huo waweza kuwa malakiti yenyewe.