Mtoto apimwe kilo kabla ya dawa

Mzazi, dozi ya mwanao hukokotolewa kwa uzito. Parasetamo ni miligramu 15 kwa kila kilo, kwa hiyo mtoto wa kilo 8 anahitaji miligramu 120. Kama chupa imeandikwa 120mg/5ml, mpe mililita 5. Lakini zipo chupa za matone zenye miligramu 100 katika mililita 1 tu. Humo, mililita 5 zilezile ni miligramu 500, zaidi ya mara nne ya dozi yake, na ikirudiwarudiwa huumiza ini. Soma lebo kila unapobadilisha chupa. Vijiko vya nyumbani havilingani. Tumia bomba lisilo na sindano. Muulize nesi: “Umehesabu kwa kilo ngapi?” Anayejua kazi yake hakereki.