Kurunzi Ndogo ya Mfukoni, na Namna ya Kuichagua

Vimo vyombo vya nyumbani ambavyo havitajwi mpaka siku vinapotafutwa visionekane, na kurunzi ni kimojawapo. Umeme ukikatika baada ya Isha, au mtoto akiamka na homa usiku wa manane, au babu atakapo kwenda msikitini kwa sala ya Alfajiri na njia ina mashimo, hapo ndipo kila mtu huuliza iko wapi. Tumeonelea basi si vibaya kuutoa ukurasa wetu wa mwezi huu kwa kitu hiki, ambacho bei yake ni ndogo na kazi yake ni kubwa.

Kurunzi tuikusudiayo ni ile iingiayo mfukoni, urefu wake kama kidole cha kati au kuzidi kidogo, mwili wake wa alumini, itumiayo betri moja ya AA, ile ile ya saa ya ukutani. Kichwa chake huvutwa mbele na kusukumwa nyuma. Kikivutwa, nuru hujikusanya ikawa mwali mwembamba uendao mbali. Kikisukumwa, nuru hutawanyika ikajaza chumba. Siku hizi zimejaa madukani na hata kwa wachuuzi wa njiani, na vijana wetu wazipenda sana, wala hatuwalaumu. Lakini tumewaona namna wanavyozichagua. Husimama mlangoni mwa duka, wakakivuta kichwa mpaka mwisho, wakaumulika mnazi ulio mbali, na ile imulikayo mbali kuliko nyingine ndiyo waichukuayo. Kipimo hicho twaona kina hatari ndani yake.

Fikiri, ndugu msomaji, kurunzi hutumika kwa nini hasa katika nyumba zetu. Ni mara ngapi mtu huwa na haja ya kuona kitu kilicho mbali nyumba ishirini? Mlinzi wa shamba ana haja hiyo, na mvuvi atafutaye alama ya pwani. Sisi wengine twataka kuona tunapokanyaga. Nayo si haja ndogo. Shirika la Afya Duniani lakadiria kuwa watu baina ya 81,000 na 138,000 hufa kila mwaka ulimwenguni kwa kuumwa na nyoka, na mwaka 2017 liliitia sumu ya nyoka katika orodha yake ya maradhi ya nchi za joto yaliyopuuzwa. Katika nchi zetu za Afrika Mashariki yuko bafe, nyoka mnene mwenye rangi ya udongo na majani makavu. Nyoka wengi wasikiapo mshindo wa miguu hukimbia, bafe hakimbii. Hulala kimya kando ya njia au katikati yake, akitumaini kuwa hataonekana, na akikanyagwa ndipo aumapo. Mtu ashikaye mwali mwembamba uliofika kwenye mti wa mbali, na miguu yake imo gizani, kurunzi hiyo haimfai kitu kwa bafe aliye hatua mbili mbele yake. Tena jicho lililozoea duara kali la nuru kule mbali huzidi kushindwa kuona giza lililo karibu.

Ili msomaji afahamu kwa nini iko hivyo, ni vizuri aijue kazi ya kile kichwa. Mbele ya kurunzi pana lenzi, yaani kioo kilichotuna kama tumbo, na nyuma yake pana chembe ndogo ya manjano. Chembe hiyo ndiyo taa yenyewe. Si balbu ya zamani yenye uzi wa chuma uwakao kwa joto. Ni LED, igeuzayo umeme kuwa nuru bila ya kuwa moto kama makaa. Wanasayansi watatu waliozaliwa Japani, Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura, ndio waliofaulu kutengeneza LED ya buluu yenye nguvu, na kwa kazi hiyo walipewa Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2014. Buluu hiyo ikifunikwa kwa dawa ya manjano hutoa nuru nyeupe, na hii ndiyo sababu ya ile rangi uionayo ndani ya kioo.

Sasa, kichwa kikivutwa mpaka lenzi ikawa mbali na chembe kwa kipimo chake barabara, miali hutoka imenyooka sambamba, na ukutani utaona umbo la mraba, ambalo ni sura ya ile chembe imekuzwa. Kikisukumwa nyuma, miali hupanuka. Kwa hiyo kukivuta kichwa hakuongezi nuru hata kidogo. Bali huipunguza, maana miali iendayo upande hugonga kuta za ndani ya kichwa ikapotea. Kinachozidi ni ukali wa ile iliyobaki, kwa kuwa imebanwa mahali padogo.

Ukienda dukani, basi, usiumulike mnazi. Mwombe mwenye duka akuonyeshe pembe yenye kiza, usimame hatua tatu kutoka ukutani. Kwanza kisukume kichwa nyuma kabisa. Duara lipatikanalo liwe pana na nuru yake iwe sawa kote, lisiwe na shimo la kiza katikati wala mapete ya rangi rangi. Kisha ishike kurunzi usawa wa kiuno na kuimulika sakafu mbele ya miguu yako. Ikiwa waona vizuri upana wa mikono miwili iliyonyooshwa, hiyo ni kurunzi ya kutembelea. Baada ya hapo ndipo ukivute kichwa kutazama ule mraba; kingo zake zikiwa zimenyooka na kukatika vizuri, lenzi yake ni njema. Kama ni ukungu tu, lenzi ni ya ovyo. Kichwa kiwe kizito kidogo kuvuta. Kitelezacho chenyewe kama kifuniko cha sufuria kitakugeukia mfukoni na mkononi, na kila wakati utaona nuru imebadilika bila ya wewe kutaka.

Tufike kwenye jambo linalotuudhi kuliko yote, nalo ni hesabu zinazoandikwa juu ya kisanduku. Nuru hupimwa kwa lumeni. Mshumaa mmoja hutoa kiasi cha lumeni 12, na balbu ya zamani ya wati 60 hutoa kama 800. Basi utaikuta kurunzi ya betri moja ya AA imeandikwa lumeni 1000, au 2000! Tufanye hesabu pamoja. Betri njema ya AA ya kuchaji ina volti 1.2 na uwezo wa kama miliampea 2000 kwa saa, yaani kiasi cha wati 2.4 kwa saa moja. LED ya namna hii, ikiwa nzuri, hutoa karibu lumeni 100 kwa kila wati. Lumeni 1000 zataka wati 10. Ili betri hiyo itoe wati 10 itabidi itoe ampea zaidi ya 8, na hata kama ingeliweza, ingelikwisha kabla ya robo saa. Wala vifaa vidogo vilivyomo ndani ya kurunzi ya bei hii havistahimili mkondo huo. Kurunzi hii ikitoa lumeni 80 au 100 kwa muda wa saa mbili hivi, imefanya kazi yake kwa uaminifu, na lumeni 100 zatosha kabisa kwa njia ya kwenda msikitini na kurudi.

Ajabu ni kwamba mwuza mchele akipunguza pishi, mji mzima humpigia kelele. Huyu aandikaye 2000 mahali pa 100 hapati hata wa kumwuliza.

Na wako watengenezaji wapimao kwa kanuni. Iko kanuni ya Marekani iitwayo ANSI FL 1, iliyotolewa mwaka 2009. Hata hiyo yataka kusomwa kwa makini. Kurunzi ikiandikwa kwa kanuni hiyo kuwa yamulika mita 100, maana yake ni kwamba katika mita ya 100 nuru imebaki robo ya laksi, kiasi cha mbalamwezi ya mwezi mpevu. Huwezi kumtambua mtu kwa nuru hiyo. Na muda wa kuwaka huhesabiwa mpaka nuru iteremke ikabaki sehemu moja katika kumi ya ilivyoanza. Nuru nayo hupungua upesi kuliko watu wadhanivyo, kwani umbali ukizidi mara mbili nuru hubaki robo.

Kuhusu betri, twaipendelea ile ya AA kuliko kurunzi ambazo betri imefungiwa ndani na huchajiwa kwa waya. Tunajua kuwa vijana hawatakubaliana nasi. Lakini wenzetu wa Unguja wanakumbuka. Mwaka 2008 umeme uliwapotea kiasi cha mwezi mmoja, Mei hadi Juni, kisha ukapotea tena tangu Disemba 2009 hadi Machi 2010, kwa kuwa kisiwa kizima kilitegemea waya mmoja upitao chini ya bahari kutoka bara. Siku kama hizo, mwenye kurunzi ya AA huenda dukani akanunua betri, na mwenye kurunzi ya kuchaji hutafuta jirani mwenye jenereta. Aliye na kipande cha sola juu ya paa, huyo hatumzuii.

Ziko pia betri za lithiamu ziitwazo 14500, ambazo kwa umbo ni sawa na AA, lakini zina volti 3.7. Kijana huzitia katika kurunzi yo yote na kufurahi kuwa nuru imezidi. Kama kurunzi haikuandikwa kuwa yazikubali, asizitie kamwe, maana huweza kuiunguza LED au kupata moto mkali mkononi. Na betri hizi zikiandikwa miliampea elfu kadhaa ni uwongo ule ule wa lumeni. Ya kweli ya umbo hilo haizidi sana 1000. Betri za kawaida nazo zisiachwe ndani ya kurunzi miezi mingi. Huvuja maji yanayokula shaba, na siku ya haja utakuta unga mweupe mahali pa nuru.

Maji ni adui mwingine wa kurunzi hizi. Kichwa kinachovutwa ni kama pampu, huvuta hewa kila kiendapo mbele, na hewa huja na vumbi na unyevu. Ndani pana pete ya mpira ya kuzuia. Hupakwa mafuta kidogo ya silikoni mara moja moja. Asiamini mtu neno la "haiingii maji" juu ya kurunzi ya namna hii. Manyunyu ya mvua haidhuru, lakini isitumbukizwe ndooni.

Nyingi zina nuru tatu: kali, hafifu, na ile ya kuwaka na kuzima upesi upesi. Ile hafifu ndiyo ya kumtazamia mgonjwa bila ya kuwaamsha watu. Hiyo ya tatu hatuoni faida yake nyumbani, na wako watu wenye kifafa ambao huweza kushikwa kwa nuru ya kupepesa. Watoto wakatazwe kuichezea, na wakatazwe kabisa kumulikana machoni, hasa kichwa kikiwa kimevutwa. Ikipatikana isiyokuwa na nuru hiyo ya tatu, hata kwa kuzidisha shilingi chache, ichukuliwe. Kisha ipigiliwe msumari mmoja nyuma ya mlango, kurunzi itundikwe hapo kwa kamba yake, na kila aichukuaye airudishe hapo hapo.