Chumvi ya Uvinza na Safari ya Maji Katika Utando

Njia ya misafara iliyotoka Tabora kwenda Ujiji ilipitia nchi ya Uvinza, penye chemchemi za maji ya chumvi karibu na mto Malagarasi. Uchunguzi wa mambo ya kale uliofanywa huko na Sutton na Roberts mwaka 1967 ulionyesha kwamba watu wamechemsha maji hayo ili kupata chumvi kwa zaidi ya miaka 1,000. Chumvi hiyo ilikuwa bidhaa ya thamani njiani.

Embe bichi, tunda lisilokosekana Tabora, likikatwa na kunyunyizwa chumvi, punde hutoka majimaji. Husemwa kwamba chumvi huvuta maji. Usemi huo watosha jikoni. Bali mtunga istilahi hana budi kuupima.

Nyama ya embe ni seli nyingi, na kila seli ina utando mwembamba upitishao maji kwa wepesi na kuizuia chumvi. Chembe za maji hazitulii: huvuka utando huku na huku daima. Chumvi iliyoyeyuka nje hupunguza wingi wa maji yanayovuka kurudi ndani. Basi yatokayo huyashinda yaingiayo. Utando ukiondolewa, chumvi na maji huchanganyika tu, wala upande mmoja haupungukiwi. Vijidudu viozeshavyo samaki navyo ni seli. Vikiwa katika chumvi nyingi hupungukiwa maji, visiweze kuzaana.

Mwendo huo una nguvu. Maji matupu yakitengwa na maji ya bahari kwa utando wa namna hiyo, msukumo utakiwao upande wa bahari ili kuyazuia yasivuke wakaribia mara 27 ya uzito wa hewa ituzungukayo.

Nollet, Mfaransa, aliliona jambo hili mwaka 1748, alipofunika kwa kibofu cha mnyama chombo chenye pombe kali na kukitia majini: maji yaliingia, kibofu kikavimba. Mwaka 1854 Graham alilipa jina kutokana na neno la Kiyunani lenye maana ya kusukuma. Nasi twaliandika osmosisi. Mwaka 1887 van 't Hoff alieleza kanuni ya hesabu yake.

Hivyo Kiyunani chasukuma, na Kiswahili chavuta. Hakuna kati ya vitenzi hivyo kiutajacho utando. Fasili ya kamusi yapasa kutaja mambo matatu: maji yavukayo, utando uchaguao, na tofauti ya kilichoyeyuka pande mbili. Likikosekana moja, mwanafunzi atadhani chumvi ina mikono.