Seli za Shibe, Seli za Kichefuchefu

Mwaka 1978, Harvey Grill na Ralph Norgren waliandika habari za panya waliotenganishwa ubongo wa mbele na shina la ubongo. Panya hao hawakuweza kutafuta chakula wenyewe. Lakini walipotiwa maji ya sukari mdomoni walimeza, wakishiba walikataa, na kitu kichungu walikitema. Shina hilo dogo la ubongo, pale ubongo unapokaribia uti wa mgongo, ilikuwa inatosha kuamua mlo uishe lini. Swali lililobaki ni seli zipi hasa zinazoamua.

Lilisubiri zana mpya. Leo watafiti huchukua kiini cha seli moja moja na kusoma RNA yake ili kujua ni jeni zipi zinazofanya kazi humo. Mwaka 2021 ilichapishwa ramani ya namna hiyo iliyotokana na zaidi ya seli 72,000 za shina la ubongo la panya wadogo wa maabara, kutoka eneo linalopokea habari za tumbo kupitia neva ya vagasi. Niuroni zilizodhaniwa kuwa kundi moja zilionekana kuwa aina nyingi, kila moja na jeni zake.

Ramani hiyo ingekuwa orodha kavu kama isingejaribiwa kwa panya hai, na hapa ndipo utamu ulipo. Katika maabara ya Zachary Knight, San Francisco, mwaka 2023, aina moja ya niuroni iliamka ndani ya sekunde chache panya alipoanza kulamba chakula, ikipunguza kasi ya kula. Aina nyingine, jirani yake kabisa, ilisubiri habari za tumbo na kuleta shibe ya muda mrefu zaidi. Breki mbili, basi: moja ya ulimi, nyingine ya tumbo.

Ugunduzi unaonigusa zaidi ulitoka Philadelphia mwaka 2024, kwa kundi la Amber Alhadeff. Dawa za kupunguza uzito kama semaglutide hushika kipokezi cha homoni ya GLP-1, na wagonjwa wengi hulalamikia kichefuchefu. Katika shina la ubongo, niuroni zenye kipokezi hicho zimekaa katika vituo viwili vinavyopakana, na kundi hilo liligundua kwamba kazi zao ni tofauti. Kuamsha zile za kituo kimoja kulimshibisha panya bila karaha. Kuamsha za kituo cha pili kulimfanya achukie ladha aliyoonja wakati huo. Hata njia ya karaha ilipozimwa, dawa iliendelea kupunguza ulaji.

Panya hawezi kutapika, kwa hiyo kichefuchefu chake hupimwa kwa vyakula anavyovikwepa baadaye, na binadamu ana ubongo wake. Hata hivyo msimamo wangu ni huu: watengenezaji wa dawa wasiendelee kuyachukua mateso ya wagonjwa kuwa sehemu ya lazima ya tiba. Katika panya, shibe na kichefuchefu vina seli tofauti.