Machozi ya Mamba

Miongoni mwa semi za Kiingereza zilizokwisha kupata uraia katika Kiswahili, mmojawapo ni huu wa machozi ya mamba, nao hata hapa Nyakahura, wilayani Biharamulo, ambapo barabara ya malori yaendayo Rusumo hutuletea lugha za kila namna, husikika aghalabu msibani: mama afika, aangua kilio hata ashikwe mikono, na baada ya kitambo yu jikoni, kanga kaifunga kiunoni, auliza chumvi iko wapi, basi kijana aliyehitimu kidato cha nne hunong'ona kwamba yale yalikuwa machozi ya mamba. Kwa maoni yangu kijana huyo amemdhulumu mama yule.

Wazungu wa zamani, na kitabu cha safari kinachonasibishwa na John Mandeville, cha karne ya 14, ni shahidi mmoja, waliitakidi kuwa mamba humlilia mtu ilhali anamla. Shakespeare naye akaigusa itikadi hiyo katika Othello. Kwa hiyo usemi huu una masharti mawili yasiyotengana: chozi liwe la riya, na mwenye kulitoa awe ndiye aliyedhuru, au ndiye afaidikaye kwa madhara hayo. Mama yule hakumla mtu. Kilio chake ni ada ya kumpa marehemu haki yake, na chumvi aliyoiuliza ni ya chakula cha waombolezaji. Bali shemeji aliaye kumshinda mjane, na kabla matanga hayajaanuliwa ameshang'oa alama za mpaka wa shamba, huyo ndiye hasa.

Ajabu ni kuwa mnyama mwenyewe hutokwa na machozi kweli. Kent Vliet wa Chuo Kikuu cha Florida, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2007, aliwatazama wanyama 7 wa jamaa ya mamba wakilishwa nchi kavu, na 5 kati yao wakatoa machozi; yadhaniwa kwamba pumzi waisukumayo wakati wa kula ndiyo iyakamuayo. Huzuni hamna, wala hila. Wakazi wa kando ya Ruvubu na Kagera, kule Ngara, wamjuao mamba kwa macho, hawakuhitaji kuambiwa.

Nawasihi basi waandishi wa magazeti, wamtupiao usemi huu kila mwanasiasa atoaye leso jukwaani, waulize kwanza amekula nini. Akiwa hajala kitu, wamwite mnafiki. Jina hilo lamtosha.