Hadubini ya simu: pale wengi wanapokosea

Majani ya nyanya yakianza vidoa vya njano, wengi wetu hukimbilia dawa ya wadudu. Kama chanzo ni utitiri mwekundu, mwenye ukubwa wa nusu milimita hivi, dawa nyingi za wadudu hazimdhuru. Huua maadui wake, naye akazidi kuzaliana. Kwa hiyo inafaa kumwona kwanza, na lenzi ya kalamu ya leza iliyoharibika, ikibandikwa kwenye kamera ya simu, inatosha. Toa betri kabla ya kuifungua.

Kosa kubwa ni kushika simu mkononi. Kinachokuza picha hukuza na mtikisiko. Tengeneza meza ndogo: ubao wenye tundu la lenzi, bolti tatu ndefu, na chini yake kioo cha kuwekea unachotazama. Simu ilale juu ya ubao. Ukizungusha nati polepole, kioo kinapanda au kushuka.

Lenzi ikae karibu kabisa na kamera. Pengo likizidi, utapata kiduara kidogo chenye giza pembeni. Na jani liwe milimita chache tu chini ya lenzi. Watu huliweka mbali, kisha wanailaumu lenzi.

Mwanga nao husumbua. Kitu chembamba kimulike kwa tochi kutoka chini, ukiweka karatasi nyeupe katikati ili mwanga usambae. Jani zima halipitishi mwanga vizuri, kwa hiyo limulike kwa ubavuni. Usiielekeze lenzi kwenye jua.

Jaribu kwanza utando mwembamba wa kitunguu. Ukiona vyumba vilivyopangana kama matofali, kifaa chako kiko sawa.

Tahadhari moja: usikitumie kupima malaria. Chembe nyekundu za damu kama 130 zikipangwa mstari hufikia milimita moja tu, na kimelea hukaa ndani ya chembe hiyo. Maabara hutumia rangi maalumu na ukuzaji wa mara 1,000 hivi. Hata hadubini ya OpenFlexure, ya plastiki iliyochapwa kwa printa, ambayo Taasisi ya Afya Ifakara ilishiriki kuiendeleza, hutumia lenzi ya kimaabara kwa kazi hiyo. Mwenye homa aende kituo cha afya.

Kwa nyanya, geuza jani utazame upande wa chini. Utitiri aliyekomaa ana miguu minane, na mayai yake ni ya mviringo. Piga picha, umwonyeshe bwana shamba au bibi shamba kabla ya kwenda dukani.